Ndugu wa Ng'ambo ya Mto

Kabla sijamwona, nilizisikia pembe za ng'ombe wake. Alfajiri ile ukungu ulikuwa umeufunika mlima wetu wa Nyaishozi hata mgomba ulio mbele ya pua yako usingeuona, na kutoka ndani ya ukungu ule ikaja sauti kavu ya vitu vinavyogongana, kama mtu anayepanga kuni, ikifuatwa na mluzi mrefu wa mtu asiye na haraka. Nilisimama mlangoni na kata ya maji mkononi, nikingoja. Ukungu ulipoachia kidogo, kwenye njia nyembamba iliyopita kati ya mibuni yetu na shamba la maharage la baba mdogo Rwegasira, wakatokea ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mikono ya mtu mzima, wamebanana kiasi kwamba kila walipopiga hatua pembe zilikutana. Nyuma yao alikuja mwanaume mrefu, mwembamba, fimbo ameilaza mabegani na mikono yote miwili ameining'iniza juu yake. Kwetu mtu mzima akitembea alfajiri huwa anakwenda mahali. Huyu alitembea kama mtu ambaye mahali penyewe ndipo panapomfuata. Aliomba maji kwa Kiswahili cha kuokoteza, chenye lafudhi ya ng'ambo ya mto Kagera, akasema kwao nyasi zimekwisha, na jina lake ni Gatera.

Kilikuwa kiangazi, wakati kahawa imeiva na nyua zote zinanuka maganda matamu yanayoanza kuchacha. Katika msimu huo jioni za Baba zilikuwa zangu. Akishageuza kahawa kwenye mikeka, alikaa kwenye kizingiti cha nyuma, nami nikamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini kisha ikakaushwa. Baba alichagua tunda moja, akalipasua kwa jino, na mbegu mbili zilizolala ndani yake, tumbo kwa tumbo, tukagawana: moja yake, moja yangu. Tulitafuna bila kusema neno huku jua likizama upande wa Rwanda. Nilikuwa mtoto wa nne katika nyumba ya watoto wengi, na hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikuwahi kuwa cha mwingine kabla hakijanifikia. Gauni langu lilikuwa la dada, daftari langu lilikuwa na kurasa za kaka. Mbegu ile ilikuwa yangu tangu mwanzo.

Gatera alipewa sehemu ya kulaza ng'ombe kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo juu ya vibanja vyetu vya migomba. Kila asubuhi Baba alipanda huko na kurudi na samadi na kibuyu cha maziwa, na kila jioni Gatera aliteremka na maneno. Alikuwa na maneno, lazima niseme kweli. Kila ng'ombe wake alikuwa na jina na kila jina lilikuwa na kisa, na Baba, ambaye kwa Mama alijibu kwa kuguna, alicheka hadi akashika mbavu. Nilikuja na kikapu changu. Baba akapasua tunda, akampa Gatera nusu. Nilibaki nimesimama na mkono umekunjuka kama ombaomba wa sokoni, hadi Mama akaniita nikapepete maharage.

Wiki chache baadaye wakafunga udugu. Kwetu tunauita omukago, na wakati huo ulikuwa umebaki kwa wazee tu. Katekista wetu alipousikia alisema ni mambo ya giza. Baba alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, lakini alisema hata Mungu hawezi kuchukia watu kupendana. Walikaa kwenye mkeka mmoja. Kila mmoja alichanjwa kidogo karibu na kitovu, mbegu mbili za tunda moja la kahawa zikapakwa damu, Baba akameza iliyopakwa damu ya Gatera na Gatera akameza iliyopakwa damu ya Baba. Kisha wakaapa: akija kwako uchi, mvike, akija anafukuzwa, mfiche, akikosea, kosa ni lako. Baba alitugeukia sisi watoto akasema, "Kuanzia leo huyu ni baba yenu mdogo. Msalimieni."

"Shikamoo, baba mdogo," wakasema wenzangu.

Mimi nilisema shikamoo peke yake. Nilikuwa nimeshapata baba mdogo, naye alikuwa amesimama palepale kwenye ua wa migomba, mikono kifuani. Rwegasira na Baba walizaliwa tumbo moja, vibanja vyao vilitenganishwa na mstari wa mimea ya mpaka ambao mtoto angeuruka, na mwanawe Jovina alikuwa rafiki yangu wa kwanza duniani. Nilimtazama usoni nikajiona, maana wivu wa mtu mzima na wa mtoto una sura moja: midomo inakaza kama inashikilia pini.

Ng'ombe hawajui mpaka. Kiangazi kilipozidi kukaza, usiku mmoja waliteremka kutoka rweya wakaingia kwenye maharage ya Rwegasira, na asubuhi shamba lilikuwa kama mkeka uliochanwa. Watu walikuwa wameshaanza kunung'unika kuhusu chemchemi iliyovurugwa kwa kwato. Sasa wakapata la kusema waziwazi. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, akasema mgeni anaweza kubaki ikiwa tu yupo mwenyeji wa kumsimamia, na kwamba atakayemsimamia atabeba kila lawama itakayofuata. Baba alisimama kabla hajamaliza kusema.

"Huyu ni ndugu yangu."

"Ndugu yako?" Rwegasira aliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei. "Na mimi ni nani, kaka? Mpangaji?"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Rwegasira akaendelea, "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mvua ikinyesha huyu atavuka mto wake. Siku nyoka akiingia ndani kwako, utapiga mluzi hadi ng'ambo?"

Kuanzia hapo tukajifunza ukimya una umbo gani. Wanawake waliokuwa wakipita uani kwetu kwenda kisimani sasa walizunguka kwa juu. Jovina alikatazwa kuja. Mama, ambaye alikuwa akiombwa chumvi na kuomba moto kila jioni, alikaa jikoni na chumvi yake na moto wake. Nilimsikia akimwambia Baba, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wanavyosema. Mbona sisi ndio tunaougua?" Baba akasema migomba yetu haijawahi kunenepa hivi tangu enzi za babu yake. Hilo lilikuwa kweli. Kwa samadi ya Gatera mikungu iliinama hadi ikahitaji miti ya kuishikilia. Mama akajibu, "Basi kaongee na migomba."

Baba aliamua kulipa kosa kwa njia ya kwetu, yaani kwa rubisi. Mwenye kosa hupika pombe ya ndizi, huwaita wazee na aliyekosewa, na aliyekosewa akinywa kata ya kwanza, jambo limekwisha. Ndizi ziliivishwa, zikamenywa, zikamiminwa kwenye mtumbwi wa kukamulia pamoja na nyasi. Kukanyaga ndizi ni kazi ya majirani. Wanaume huja wakiimba, wakitaniana kuhusu unene wa visigino vyao. Asubuhi hiyo hakuja mtu. Baba alisimama kando ya mtumbwi ule kama mtu aliyefika harusini siku isiyo yake, mpaka Gatera akateremka kutoka kwenye ukungu, akavua viatu.

"Osha miguu, ndugu yangu," Baba alisema, na sauti yake ilikuwa na shukrani ambayo sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu hata nilipokuwa wa kwanza darasani. Gatera akaosha kwa maji baridi ya mtungi. Wakaingia, wakashikana mabega, wakakanyaga. Hawakuwa na wimbo wa pamoja, kwa hiyo kila mmoja aliimba wake. Niliwatazama kutoka mlangoni pa jiko nikawaonea wivu zaidi, kwa sababu walikuwa wazuri kutazama. Huo ndio ubaya wa wivu: hauli kitu kibovu.

Jumapili baada ya misa wazee walikuja, wakakaa. Rwegasira alikuja wa mwisho. Baba alimpa kata kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, yeye kaka mkubwa kwa mdogo wake. Rwegasira akanywa, akatulia, akatema chini.

"Mafuta," akasema.

Wazee walionja, mmoja baada ya mwingine, wakaweka kata chini. Hata mtoto wa Nyaishozi anajua kwamba rubisi na mafuta havikai chungu kimoja. Tone moja tu linatosha, pombe inalala, inakuwa na ladha ya ngozi iliyosahaulika kwenye unyevu. Kumpa mtu uliyemkosea pombe ya namna hiyo ni kumkosea mara ya pili mbele ya mashahidi.

"Ni miguu yangu," Baba alisema haraka. "Nilijipaka asubuhi, nikasahau."

Baba hakuwahi kujipaka mafuta miguuni maisha yake yote. Magaga yake yalichana mashuka. Kila mtu aliyekaa pale alijua. Mimi nilichokiona ni kimoja tu: Baba yangu, aliyenichapa kwa uongo wa kipande cha muwa, alikuwa anadanganya hadharani, Jumapili, kwa ajili ya mtu mwingine.

Gatera alisimama. "Hapana. Ni yangu." Akapandisha shuka yake kidogo, tukaona miundi iking'aa. "Kwetu mtu haingii kwenye chakula cha watu na miguu mikavu. Ni dharau. Nilijipaka siagi nzuri, ya ng'ombe anayezaa kwa mara ya kwanza. Niliosha kwa maji, lakini siagi haitoki kwa maji baridi. Nisameheni. Nilitaka kuwaheshimu."

Mzee mmoja aliguna, mwingine akaanza kucheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani kicheko kile kitatuokoa sote. Rwegasira ndiye aliyekikata.

"Unaona, kaka? Hata uongo wako, yeye hautaki. Sasa nisikilize mbele ya hawa. Ahame yeye, au nihame mimi."

Baba aliweka mkono karibu na kitovu. "Nimemeza damu yake, Rwegasira. Siwezi kuitapika."

"Na ya mama yetu? Uliimeza au uliitema?"

Kabla kahawa haijaisha mikekani, Rwegasira alikuwa ameuza kibanja chake na kuhamia Nyakakika, na Jovina akaondoka akiwa amekaa juu ya magodoro, hakunipungia mkono. Mvua zikaja. Nyasi zikaota ng'ambo ya mto, na Gatera akavuka na ng'ombe wake, kama ilivyosemwa mkutanoni. Alikaa nasi msimu mmoja tu.

Siku hizi nimepanga chumba Rubwera, karibu na ofisi za wilaya, na kwenye kijiwe cha bodaboda chini ya dirisha langu vijana hubishana kila redio inapotangaza habari za dunia: je, nchi imtetee rafiki anayechukiwa na wengine wote, hata kama bei ya mafuta itapanda, hata kama wafadhili watanuna? Mmoja husema rafiki hatupwi kwa sababu amekuwa mzigo. Mwingine husema tumbo la mtoto wako ndilo mpaka wa urafiki. Hubishana kama mambo hayo yanaamuliwa mbali, na watu wenye suti. Mimi huwasikia Baba na Rwegasira. Zamani mgeni alihitaji neno la mtu mmoja. Leo anahitaji hati, muhuri na picha ndogo, na labda ni afadhali, maana muhuri hauna mdogo wake wa kuumizwa. Lakini sijaona muhuri unaodanganya hadharani ili kumsitiri mtu. Nimejaribu kupima kama ilistahili. Kwenye mizani hiyo Baba huweka jambo moja tu, kwamba aliapa. Mimi huweka Jovina, huweka Mama na chumvi yake, huweka jioni zangu, na bado mizani haitulii, kwa kuwa mpimaji mwenyewe ana donge.

Mwaka huu Baba ameugua. Nimerudi Nyaishozi kumuuguza. Ninamgeuza, ninamlisha uji, na siku nyingine hanitambui hadi nimtajie jina langu. Nilimpigia simu baba mdogo Rwegasira, nikamwomba aje. Akasema, "Ana ndugu yake," akakata. Kwa hiyo nikampigia huyo mwingine. Nilimpigia huku nikitamani asipokee.

Alikuja jana kwa bodaboda kutoka mpakani, amezeeka, amekuwa mfupi kidogo, vumbi hadi kwenye nyusi. "Shikamoo, baba mdogo," nilisema, na safari hii niliitamka salamu yote. Akaniwekea mkono kichwani, akaingia chumbani. Baba, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameutazama ukuta, aliisikia hatua ile kabla sijasema ni nani. Akainuka kwa kiwiko. Akacheka, kile kicheko cha kushika mbavu, ambacho nilikuwa nimeshakizika moyoni. Nilisogea kumwekea mto mgongoni. Aliutazama mkono wangu, akanitazama mimi, akanitambua mara moja bila kutajiwa.

"Koku, mwanangu," alisema, kwa upole wote alio nao. "Tupishe kidogo."

Nikatoka. Gatera alinisindikiza hadi kizingitini, kama adabu inavyotaka, kisha akaufunga mlango nyuma yangu.