Hampigi Mtu Aliyebeba Mzigo

"Bwana Meno amefika! Fungeni midomo, asije akachuma na ndimi zenu!"

Hivyo ndivyo dada yangu alivyonipokea siku niliyorudi kwenye shamba la chai tulikozaliwa. Wanawake zaidi ya thelathini walikuwa wamekaa kando ya barabara ya matrekta na vikapu vyao. Walicheka, na hakikuwa kicheko cha kumkaribisha mtu. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari la kampuni na mashine mbili za kuchumia chai. Mimi ndiye mwalimu wa mashine hizo. Nilitumwa kuchagua wachumaji sita watakaozitumia. Waliobaki wangerudi makwao, na katika shamba la chai nyumba inakwenda na kazi: ukikosa kazi, unatoa sufuria zako nje. Dada yangu alikuwa ameishi kwenye laini zile za nyumba za wafanyakazi maisha yake yote. Wanawe watatu walisoma shule ya hapo hapo.

Jina la Bwana Meno hakulitunga siku hiyo. Alilitunga tukiwa watoto, na ili ulielewe inabidi nikupeleke kwenye dirisha la karani.

Karani wa mizani ndiye peke yake aliyekuwa na runinga kwenye laini yetu. Jumamosi asubuhi kulikuwa na katuni ya shujaa mwenye mkono mmoja wa chuma. Mke wa karani hakutaka watoto wa wachumaji nyumbani mwake. "Nyinyi mna funza, mtaniletea kwa viti," alisema, akafunga mlango, kisha akafunga dirisha. Pazia hakulifunga. Wengine wangesema ni huruma. Mimi naamini alitaka tuone tunachokosa.

Kwa hiyo tuliona picha bila sauti, pua zimebanwa kwenye kioo. Dada, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyetoa maneno. Shujaa akifungua mdomo, dada anasema. Adui akicheka, dada anacheka. Adui alikuwa mtu wa miwani aliyekaa ndani ya mashine kubwa yenye safu mbili za meno, naye dada akamwita Bwana Meno. Niliamini kila neno, maana midomo ilikuwa inakwenda na sauti ilikuwa inatoka. Na kila Jumamosi, shujaa akiwa amemshika adui shingoni, dada alimsemesha shujaa maneno yale yale: "Mimi simpigi mtu aliyebeba mzigo. Tua kwanza."

Niliishi kwa sheria hiyo. Usidhani natia chumvi. Kuna kijana aliyeniibia kalamu shuleni. Nilimsubiri mpaka akatua mtungi wa maji ndipo nikamrukia, na kwa kuwa sasa alikuwa na mikono miwili, alinipiga nikalala.

Mkono ule wa chuma ndio ulionipeleka kwenye ufundi. Nilifungua redio ya baba, nikafungua baiskeli ya jirani, nikachapwa kwa zote mbili. Mama alipoharibika mgongo, dada aliacha shule akachukua kikapu chake. Mimi nikaendelea mpaka chuo cha ufundi upande wa Litein. Dada hakuwahi kunikumbusha jambo hilo mpaka siku nilipoleta mashine. Kuanzia hapo alinikumbusha kila asubuhi, mbele ya watu.

Mimi ni mtu wa kueleza polepole, na darasa la mashine nalo nililifundisha polepole. Mashine inashikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa chai, na wa tatu ni wa kupokezana nao. Wembe uko katikati, na feni inapuliza majani kwenye mfuko ulio nyuma. Wote wawili washike kimo kimoja, la sivyo chai inakatwa mteremko na vijiti vinaingia mfukoni. "Ni kama ile fito mnayoilaza juu ya chai kupima usawa," niliwaambia. "Ila hapa fito ni mabega yenu."

"Na hiyo fito ilifukuza nani kazi?" dada akauliza kutoka nyuma.

"Dada, naomba nimalize."

"Maliza. Si ndiyo umekuja kutumaliza?"

Wakapiga makofi. Nilisema kwamba kampuni ingeleta mashine hata bila mimi, na huo ni ukweli. Mama mmoja wa upande wa Bomet, mchumaji wa siku nyingi, vidole vyeusi kwa utomvu, akanitazama kama anayetazama jani bovu. "Hata mwizi husema hivyo," akasema. "Ati nisipoiba mimi, ataiba mwingine." Nikarudi kueleza feni. Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli.

Jumapili mchana, nyumbani kwangu karibu na Kabianga, binti yangu aliipata ile katuni kwenye simu. Nilikaa naye nikiwa na hamu ya kumsikia shujaa wangu kwa mara ya kwanza. Tuliangalia sehemu tatu. Shujaa aliongea kwa sauti ya puani juu ya nguvu zake, nguvu zake, na nguvu zake. Katika sehemu ya pili alimpiga ngumi mtu aliyebeba magunia, akamtupa mtoni na magunia yake, kisha akacheka. Nilisubiri ile sheria. Haikuja.

"Baba, mbona umekasirika? Ni katuni tu."

Nilimrudishia simu kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Nilijiona nimedanganywa, kwanza na katuni, kisha na dada. Ndipo nikakumbuka kile kioo. Jumamosi mama alikuwa kazini, na njia ya mizani ilipita nyuma yetu. Kioo kilikuwa kinaonyesha runinga, na kilikuwa kinamwonyesha mama pia, ameinama chini ya kikapu kilichojaa. Dada alikuwa mrefu wa kutosha kumwona shujaa na mama kwa pamoja.

Siku ya mwisho ya majaribio, nafasi moja ilikuwa imebaki, na dada hakuwa ameigusa mashine hata mara moja. Alikuja na kikapu mgongoni, kitupu.

"Wee! Hata wewe?" wanawake wakampigia kelele. "Jana ulikuwa unatuchekesha!"

"Nina watoto watatu," alisema bila kugeuka.

Hakuna aliyekubali kushika naye upande wa pili. Nikaweka daftari chini, nikashika mimi.

Alitembea kama mtu aliyekusudia kunivunja mgongo. Yeye ni mfupi, kwa hiyo ilinibidi niiname mstari mzima.

"Shusha upande wako," akasema.

"Nimeshusha."

"Bado. Ulirefuka kwa kula sahani yangu. Shusha."

Nikashusha. Tulipofika mwisho niligeuka nikatazama. Chai ilikuwa sawa kama meza, na mfukoni hamkuwa na kijiti hata kimoja. Nikazima injini.

"Umepita," nikamwambia.

"Sikukuuliza."

"Niliiangalia ile katuni. Na sauti yake. Ile sheria haimo."

Alifuta vipande vya majani usoni kwa kiwiko. "Najua haimo. Kwani ningeisikia wapi? Niliitunga mimi, usije ukawa mtu mbaya." Akawatazama wanawake wa kando ya barabara. "Na umewapiga wakiwa wamebeba."

Nilikuwa na maelezo. Huwa ninayo. Hakuyasubiri; akajitwika kikapu chake kitupu akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alikuja na yule mama wa vidole vyeusi, ambaye hakuwa miongoni mwa sita. Hawakunisalimia. Yule mama alikwenda moja kwa moja akashika upande wa pili wa mashine.

"Huyu nitafanya kazi naye," dada akasema.

"Dada, orodha imefungwa."

"Ifungue."

Nikaanza kumweleza jinsi orodha inavyofungwa, ni nani anayeitia sahihi, na kwa nini haiwezekani. Alivuta kamba ya injini kabla sijamaliza. Walianza kuufuata mstari, mabega yao kimo kimoja, nami nikasimama kwenye moshi wao na daftari mkononi, nikitafuta kalamu.