Kalibu Uvunguni mwa Kitanda

Kama kuna mtu aliyezaliwa kuuliza maswali, ni Bi Kalibu. Kiwandani kwa sabuni walimbandika jina hilo kwa kuwa ndiye aliyetunza kalibu, chuma kinachokipa kipande cha sabuni umbo na chapa yake. Akiona nati ngeni sakafuni, hatulii mpaka ajue imedondoka kutoka wapi. Basi meneja alipotangaza kwamba kampuni imeelemewa na madeni na mahakama inaleta mtu, wenzake walishika vichwa; yeye akauliza, "Mtu gani?"

Ila hakungoja jibu, na hapo ndipo alipojiponza. Kiwanda chake cha kwanza, cha viberiti, kilikufa akikitazama: mfilisi alikuja, akapiga kufuli, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Safari hii alijiapiza hawampati. Jioni aliifungua kalibu kutoka kwenye mashine, akaenda nayo nyumbani, akaipaka grisi, akaiviringisha kwenye taulo na kuisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Mke wangu, umeiba?" mumewe akauliza.

"Nimeokoa. Kuna tofauti."

Asubuhi mtu wa mahakama akafika: mwanamke mwenye viatu vya raba, hana kufuli wala makuu. Bi Kalibu alimwandama kila kona.

"Dada, unaanza kuuza lini?"

"Mimi si mfilisi, mama. Ni msimamizi. Sheria imebadilika, siku hizi tunajaribu kwanza kuiponya kampuni. Kwa sasa wanaoidai hawagusi kitu humu."

"Hata benki?"

"Hata benki."

Bi Kalibu aliduwaa. Sheria inayoizuia benki mlangoni! "Na ukishindwa kuiponya?"

"Hapo sasa ndipo anapoitwa mfilisi." Msimamizi akashusha pumzi. "Kuna mnunuzi anakuja mchana. Anataka kiwanda kizima pamoja na wafanyakazi, ila lazima aone mashine ikipiga sabuni. Na kalibu haionekani. Bila hiyo, ataondoka."

Kumbe Bi Kalibu ndiye aliyekuwa anakinyonga kiwanda, tena kwa mapenzi. Aibu ilimjaa mpaka masikioni.

"Iko kwangu," akasema. "Nilidhani wewe ni yule mwingine."

Msimamizi akamwonyesha mlango. "Kimbia, mama."

Akakimbia, pamoja na magoti yake na umri wake, akarudi na taulo kifuani. Mnunuzi alipoingia, kalibu ilikuwa imekazwa mahali pake. Mashine ikakohoa, ikatema kipande cha kwanza, cheupe, chapa imekaa sawasawa. Mnunuzi akapitisha kidole ukingoni mwa kalibu.

"Imetunzwa hasa. Nani anaishughulikia?"

"Huyu mama," msimamizi akajibu. "Yeye na kalibu haviuzwi kimoja kimoja."

Mnunuzi akacheka, akampa msimamizi mkono wa kukubali. Bi Kalibu akalia waziwazi, akajifuta kwa taulo lile lile, grisi ikamwenea usoni. Halafu akamgeukia mnunuzi.

"Samahani, baba. Wewe kwako mnaogea sabuni gani?"