Kisu cha Baba Kwenye Mfuko wa Shati

Jumamosi tulimzika Baba, kwetu Makote. Jana wazee walimkabidhi kaka yangu kisu cha kukunja cha Baba, naye akakitia mfuko wa suruali.

Nikakumbuka alasiri moja ya msimu wa korosho. Baba alirudi kutoka shambani akinuka mabibo. Kama kawaida yake, aliponiona tu alikitoa kisu kwenye suruali na kukitia mfuko wa shati. Nilikuwa nakililia kisu kile, ili nami nitenganishe korosho na mabibo kama kaka. Siku hiyo sikumkimbilia kama siku zote.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Leo miguu imeota mizizi?”

“Unanificha kisu. Unaniona mwizi.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Mwizi gani hafiki hata kiunoni? Njoo huku.”

Nilikwenda, nikamkumbatia paja kwa nguvu, paji la uso likagonga mfuko wake mtupu. Bado nilikuwa nimenuna.

Jana hiyo hiyo, binti mdogo wa kaka alitoka jikoni mbio akimwita baba yake. Kaka akaupapasa mfuko wa suruali, akakitoa kisu upesi, akakitia kwenye shati. Binti akamkumbatia paja, paji la uso likagonga mfuko mtupu.