Ulanzi Niliopeleka Ukweni

Katika miaka ile ya hamsini mke wangu alirudi kwa wazazi wake, kwenye vilima vya nje ya Mbeya, na hakuna aliyemlaumu. Nilikuwa mlevi, na hata pombe ilipokosekana kichwa changu hakikutulia: majuma kadhaa silali, nahubiri barabarani mtaani kwetu Mlandege kama nabii, kisha majuma mengine nimegeukia ukuta, sitaki hata uji. Mungu alinivumilia. Masika mawili yalipita sijaonja pombe, ndipo nikaenda kumwomba mke wangu arudi.

Desturi haikunipa njia nyingine: mkwe anayekwenda kuomba radhi hubeba pombe. Nikabeba ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndani ya lori kutwa nzima. Ulizidi kuchacha njiani, povu likanilowesha mapaja. Nilisali tu.

"Onja kwanza," akasema baba mkwe. Aliyeleta ndiye huonja, watu wajue haina sumu.

"Baba, nisamehe. Nikionja sitaweza kuacha."

Wazee wakaguna. Mjomba wa mke wangu akacheka. "Fisi kaleta nyama, anasema yeye hali! Sisi ndio tufe kwanza?"

Hapo mke wangu akatoka jikoni, akapiga magoti, akachukua kata, akanywa mbele yao wote. Kwa desturi ile alikuwa amenidhamini. Nikaanza kuwaza jinsi tutakavyokaa wawili kwenye lori la kurudi.

Akanisindikiza hadi mwisho wa migomba.

"Umepona, nimeona kwa macho yangu," akasema. "Nimeonja wasikuaibishe. Lakini kurudi, hapana. Mpaka leo mlango ukisukumwa natetemeka."

"Hata nikingoja?"

"Usiningoje, mwenzangu."

Nikamuaga. Kwenye lori nilikaa juu ya gunia la viazi nikisubiri yale niliyoyazoea: kiu, au kicheko kisicho na sababu, au giza, ambalo kwangu lilianzia miguuni kama baridi. Hayakuja. Nililia kilio cha kawaida, cha mtu aliyeachwa. Mama mmoja akanimegea kiazi cha kuchemsha, nikala, nikasinzia.

Nilipoamka nilimshukuru Mungu. Uzima niliouomba ili nimrudishe mke wangu, nilikuwa nimepewa bila yeye.