Miwati ya Shamba la Mama

Miti ya miwati inapotoa maua, harufu yake hujaa hewani, tamu na nzito kama asali iliyoanza kuchacha. Wenzangu wa chuoni huvuta pumzi na kuisifu. Mimi hufunga dirisha.

Nilikuwa na miaka kumi, vita vya Wazungu vilipokuwa vimekwisha tu, mvua ilipomega kilima chetu karibu na Kebirigo. Udongo mwekundu uliteremka hadi kwa jirani wa bondeni ukafukia jiko lake na kuku wote. Vijana wa shule ya misheni wakaunda kikundi cha kupanda miti. Walianza sita, kufikia mavuno walikuwa arobaini, wakikwea kilima kwa nyimbo, majembe begani. Niliwapenda kuliko ibada ya Jumapili. Kiongozi wao alikuwa Nyakundi, mwana wa baba yangu mdogo, na miche yote ilitoka kwenye kitalu cha baba yake.

Mteremko wa hatari zaidi ulikuwa shamba la mama. Baba alikuwa amefariki akamwachia mabinti watatu bila mvulana. Kwetu mwanamke alilima wimbi, akavuna, akabeba, lakini hakupanda mti. Mti ulikuwa alama ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi alikuwa mwanamume. Kwa hiyo mama aliwapokea vijana kwa shukrani na kuwapikia uji. Sisi wasichana tuliteka maji. Wavulana wakatia miche udongoni.

"Mama mkubwa, karibuni utapumzika kivulini," Nyakundi alimtania.

"Kivuli nitakila? Wewe panda, mwanangu, tena karibu karibu, hao wa chini wapone."

Miaka mitatu baadaye miwati ilikuwa imetupita kimo na udongo umetulia. Ndipo baba mdogo alipokuja na wazee, akisema mteremko ule ni wake. Waliketi uani kwetu wakaniita nitoe ushahidi, kwa kuwa nilijulikana kwa kusoma na kwa kutosema uongo.

"Miche ilitoka kwa nani?" mzee mmoja aliuliza.

"Kwa baba mdogo."

"Nani aliitia ardhini?"

"Nyakundi na wenzake."

"Na mama yako alipanda mingapi?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Hakupanda. Alipika uji."

Wakacheka. "Basi na abebe chungu chake aende," alisema mzee yule.

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemkataza kupanda. Hata mimi sikuuliza, mimi niliyekuwa nikimchosha mwalimu kwa maswali. Nyakundi alisimama akichezea mpini wa jembe, na wale arobaini hakuja hata mmoja.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, lakini bado sijui ukweli niliousema ulimfaa nani zaidi ya baba mdogo. Kilima hakijamomonyoka tena, hilo nalikiri. Likizo iliyopita nilimuuliza Nyakundi, ambaye sasa ni mwalimu, kwa nini alinyamaza.

"Dada yangu, si tuliokoa kijiji?" alijibu.

Waliokoa. Mama haishi humo. Anakaa Birongo kwa kaka yake, na kila msimu wa mvua humwendea wifi yake kumwomba amwonyeshe mahali pa kupanda mboga.