Fundi Aliyejifanya Hajui Kiswahili

Marufuku ya kutembea usiku imekwisha kwa leo, na chini ya lori kuukuu huko Iftin, Garissa, imetokeza miguu miwili mirefu. Ni ya fundi Kulow Dekow. Mkono wake mmoja unachomoza ubavuni mwa gurudumu, kiganja wazi. Hasemi anataka nini.

Binti yake, Amino, anautazama mkono ule, anachagua spana ndogo kutoka kwenye debe na kuiweka kiganjani. Mkono unarudi ndani.

Hivi ndivyo wanavyofanya kazi wawili hawa, na ukiwatazama utadhani hawajawahi kukosana. Mwaka huu wa 1967, baba na binti walimaliza majuma mengi wakishika vyuma vilevile bila kutazamana usoni.

Lori lenyewe ni Bedford. Kulow alilinunua miaka mingi iliyopita, likabeba mbuzi na ngozi kati ya Wajir na Garissa hadi vita vya waasi walioitwa mashifta vilipoziba njia. Likawekwa juu ya mawe. Mbuzi wakalifanya kivuli, ndege wakajenga ndani ya taa.

Amino naye alikwama mwaka uleule. Alikuwa amemaliza shule hapa mjini na kupata nafasi ya kuendelea nje ya mkoa, lakini kibali cha kusafiri hakikupatikana. Mama yake, Sahara, alikuwa amefariki zamani. Msichana akabaki nyumbani akizunguka ua.

"Nikamwambia, wewe umekaa, lori limekaa. Njoo," anasema Kulow.

Karibu maswali yote ya mwandishi wa makala haya anayajibu mwenyewe, kwa Kiswahili, ingawa Amino ameketi hapohapo na Kiswahili chake ni laini kama cha mwalimu. Cha Kulow ni cha njiani, alichookota kwa matingo wa malori na wafanyabiashara wa bara. Herufi p humgomea, hutoka b. Sentensi ikimkwama, hungoja mpaka ijinasue, na binti yake hamsaidii.

Jirani yao Mwikali, Mkamba mwenye duka la nafaka, anakumbuka siku zile za mwanzo. "Ilikuwa kelele tu. Huyu anasema gasketi imekaa vibaya, huyu anasema imekaa sawa. Wanacheka. Nilikuwa nawaambia, nyinyi, wateja wangu wanafikiri kuna harusi."

Waliifungua injini yote. Walipiga msasa, wakachonga, wakakopa vipuri kutoka magari yaliyokufa. Pampu ya petroli ilikuwa imeoza kabisa, ikabidi watengeneze moja kutokana na mbili. Mwezi wa Machi, injini ikanguruma. Kulow akampandisha binti yake kando yake, wakatoka kwenda kulijaribu kwenye njia ya Wajir.

Hawakufika mbali. Kwenye kizuizi, askari walisimamisha lori.

Hapa Kulow anafuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha anaeleza kwamba kabla ya siku hiyo, kwenye kizuizi kingine, askari waliwahi kumlazimisha kurudia maneno yenye p mara nyingi ili wamcheke. Alikuwa peke yake, akavumilia. Safari hii alikuwa na mtoto.

"Nikawaza, mtoto amesoma. Atasikia mimi nachekwa," anasema.

Basi askari alipomuuliza lori ni la nani na anamtengenezea nani wakati hakuna biashara, Kulow alitikisa kichwa. "Kiswahili hakuna," akasema.

Askari akamgeukia Amino. "Wewe unajua?"

"Najua."

"Basi mwambie baba yako sura yake ni ya mtu anayewalisha mashifta."

Amino alimtazama baba yake. Alijua fika kwamba amesikia. Alingoja aseme neno. Kulow alikuwa ameinamisha macho kwenye usukani.

"Aabo," msichana akamwita baba yake kwa Kisomali, "anauliza lori limetoka wapi."

Kulow akajibu kwa Kisomali kwamba ni lake tangu zamani. Amino akatafsiri. Askari akaendelea. Mwambie ni mwongo. Mwambie uzee wake si kitu. Kila tusi lilipita kwa Amino likatoka likiwa swali la adabu, na kila swali Kulow aliliitikia kwa kichwa kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.

La mwisho lilikuwa hili: "Mwambie mtu mzima anayejificha nyuma ya msichana si mwanamume."

"Anasema tufungue boneti," Amino akamwambia baba yake.

Kulow akashuka, akafungua boneti. Askari wakataka pampu ifunguliwe waone kilichomo. Baba na binti wakaifungua wakiwa wamepiga magoti mchangani, petroli ikawamwagikia mikononi. Hapakuwa na kitu. Wakaambiwa waifunge na warudi walikotoka.

Wakaligeuza lori, wakarudi Iftin.

"Askari nimewazoea," Kulow anasema. "Ile haikuwa aibu ya askari. Mtoto alikuwa ananifunika nguo, na mimi nimekaa tu, nafunikwa. Usiku nikifumba macho, naona mdomo wake unatafuta neno zuri la kuniambia."

Alianza kuja gereji mapema na kuondoka Amino anapofika, akisingizia sala au soko. Chakula alikula akitazama ukuta. Alifikiria kuliuza lori kama vyuma chakavu ili wasiwe na cha kufanya pamoja.

Amino, ambaye ni mwepesi wa kusema, anazungumza kuhusu siku hizo huku akiutazama mlango. "Sikukasirika kwamba aliogopa. Nani hakuogopa? Nilikasirika kwamba alinisikiliza nikimdanganya, akaitikia. Baadaye nikaona aibu mimi. Nilijiuliza, labda ni Kiswahili changu kilichomfunga mdomo."

Mwikali aliacha kusikia vicheko. "Vyuma tu," anasema. "Nikajua kuna kitu, lakini sikuuliza. Siku hizo watu hawakuulizana."

Kilichowarudisha pamoja ni breki. Kutoa hewa kwenye breki za lori ni kazi ya watu wawili: mmoja hukaa ndani akakanyaga pedali, mwingine hulala chini akafungua na kufunga skurubu. Lazima wasemezane, la sivyo hewa inarudi ndani. Kwa hiyo kwa siku kadhaa maneno yao yalikuwa haya tu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Achia."

Alasiri moja, Kulow akiwa chini, mahali ambapo hawakuweza kuonana, badala ya kusema kanyaga alisema, "Aabo." Wasomali wana desturi hii, baba humwita mtoto kwa jina lile analoitwa yeye. "Aabo, siku ile nilisikia yote. Ya askari na yako."

Amino akajibu kutoka juu, "Najua."

"Kwa nini uliyabadilisha?"

"Sikutaka yakufikie kwa mdomo wangu."

Kulow aliishika skurubu. "Nisamehe," akasema. Halafu akasema, "Kanyaga."

Amino akakanyaga.

Mwezi uliopita, baada ya habari kufika kwamba wakubwa wa pande mbili wametiliana saini kule Arusha vita viishe, walipata ruhusa ya kulitoa lori tena. Kizuizi bado kilikuwepo, askari walikuwa wengine. Mmoja akafungua boneti, akauliza kwa nini pampu inaonekana mpya na gari ni la zamani. Amino alikwisha fungua mdomo. Kulow akafungua mlango, akashuka, akasimama mbele ya askari.

"Uliza mimi," akasema. "Mimi ndiyo fundi. Ile ni bambu ya betroli. Nimetengeneza na mtoto wangu."

"Bambu?" Askari akacheka na kumwita mwenzake aje asikie.

"Bambu," Kulow akarudia. Uso ulimwaka, anasema, lakini alisimama mpaka kicheko kikaisha. Walikagua lori, wakawaruhusu. Alipopanda, Amino alikuwa anamtazama.

Je, aibu imeisha? Kulow anatikisa kichwa. Anasema ile ya Machi ataenda nayo kaburini, na si haki aipunguze kwa sababu ya siku moja nzuri.

Njia ya kaskazini ikifunguliwa, anataka kwenda Eldas kumtafuta dada yake, Kaaha, ambaye Kulow hajapata habari zake tangu vita vilipopamba moto. Usukani atashika Amino. Kulow amekuwa akimfundisha kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba, na atampeleka kuomba leseni.

Wazee wawili wamekwisha kuja kumwonya. Msichana kuendesha lori, yeye ameketi kando kama mzigo, watu watasema ni aibu.

"Waseme," anajibu Kulow, akijilaza tena chini ya lori. "Aibu mimi naijua. Hiyo siyo."