Halua ya Mkandarasi

Juzi nilikuta wanabomoa nyumba za zamani za makarani kule Temeke, na mlango mmoja wa mninga umeegemezwa ukutani. Nikaujua. Ilikuwa kazi ya baba yangu.

Baba alikuwa seremala. Mkandarasi aliyepewa kazi na serikali ya Mwingereza alimwachia yeye milango yote, naye akakopa mbao. Kazi ikaisha, miezi ikapita, malipo hayakuja. Alasiri moja akanishika mkono, tukaenda kwa huyo mkandarasi, kwenye nyumba iliyonukia iliki na rangi mbichi.

"Bwana, wenye mbao wamenijia tena," baba alisema kwa sauti ya chini.

"Vuta subira, fundi. Serikali haijanilipa. Mie nikulipe nini?"

Kisha akaniita, akanitilia pande la halua kiganjani. Nikaona ndiyo tumeshalipwa, tena vizuri.

"Ahsante, babu. Mungu akuzidishie," nikasema, kama nilivyofunzwa na mama.

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Baba hakucheka. Njiani nilimmegea kipande, akakataa. "Kula wewe, mwanangu." Nikadhani hapendi vitu vitamu.

Haikupita mwezi, wenye mbao wakaja kuchukua misumeno na randa zake zote. Baba akaenda kubeba magunia bandarini, hadi mgongo ukamshinda. Siku ya matanga yake, karani wa zamani wa yule mkandarasi alitujia, akatuambia kwamba serikali ilikuwa imeshalipa yote, kabla hata hatujabisha hodi alasiri ile.